Hao Wanaume, Kwao Hawakuwa na Watu?

Kahawa ilikuwa imeshazunguka mara ya pili pale kijiweni nilipoanza kusimulia kisa cha Belle Gunness. Nilikisimulia kwa mbwembwe zote: mjane wa Kinorwei, shamba nje kidogo ya mji wa La Porte katika jimbo la Indiana, matangazo ya kutafuta mchumba gazetini, wanaume wanaoingia getini na akiba ya maisha yao na hawaonekani tena. Nikaweka na banda la nguruwe. Nikaweka na moto. Jamaa wakacheka palepale wanapocheka watu wote wakisikia kisa hiki, yaani kwa wale wanaume.

"Wajinga ndio waliwao," akasema mmoja, akamega kashata, na maongezi yakataka kuhamia kwenye mpira.

Muuza kahawa ndiye hakucheka. Mzee yule husikia kila kitu na huchangia kwa nadra. Alikuwa ameinama anasuuza vikombe ndooni, akauliza bila kuinua kichwa:

"Hao wanaume, kwao hawakuwa na watu?"

Nikamwambia walikuwa wahamiaji, kwao ni ng'ambo ya bahari.

"Sikuulizi umbali, mwanangu. Nakuuliza watu."

Nilikuwa najua tarehe ya moto. Nilikuwa najua hata jina la daktari wa meno aliyesimama mahakamani. Nani alibaki nyumbani akimsubiri mtu wake arudi, hilo sikuwahi kulifikiria, na wiki kadhaa sasa sifikirii kingine.

## Gazeti la kwao

Tumalize haraka yale ya kawaida. Alizaliwa Selbu, Norwei, mwaka 1859, akaitwa Brynhild Paulsdatter Størseth. Mwaka 1881 akavuka kwenda Marekani, ambako dada yake alikuwa ametangulia Chicago. Huko Brynhild akawa Belle. Habari za usichana wake zimejaa uvumi wa watu waliokumbuka mambo baada ya jina kuwa maarufu, kwa hiyo nitaziacha zilipo.

Mimi nilisimama kwenye magazeti.

Miaka ile majimbo ya Wisconsin, Minnesota na Dakota yalikuwa yamejaa wakulima wa Kinorwei, na walikuwa na magazeti ya lugha yao yanayochapwa hukohuko Marekani. Chicago kulikuwa na Skandinaven. Iowa kulikuwa na Decorah-Posten. Minneapolis kulikuwa na Tidende. Gazeti lilimfikia mtu shambani kwa posta, limebeba habari za vijiji vya kwao na habari za Wanorwei wenzake waliotawanyika nchi nzima. Msomaji ni mwanamume aliyeondoka kwao kijana mbichi. Sasa amefika umri wa kati au ameupita, ana ng'ombe, ana ngano, ana pesa benki. Mke hana. Kiingereza chake ni cha kuuzia ngano, si cha kumwambia mwanamke lililo moyoni.

Katika gazeti hilohilo kuna mjane, naye anaandika Kinorwei.

Tangazo lake linalonukuliwa zaidi ni fupi. Mjane mwenye sura nzuri, mwenye shamba kubwa katika sehemu nzuri ya wilaya ya La Porte, anataka kujuana na bwana mwenye uwezo unaolingana na wake, kwa nia ya kuunganisha mali. Atakayeandika awe tayari kuja mwenyewe. Wenye mzaha wasijisumbue.

Nililisoma mara nyingi nikitafuta mahali pa kucheka. Hapapo. Kwanza, shamba lilikuwepo kweli: lipo McClung Road, lina nyumba, lina miti ya matunda. Pili, tangazo haliombi chochote. Linaweka masharti. Anayelijibu anaanza safari akijiuliza kama yeye anafaa: mali yangu inatosha? Adabu yangu itampendeza? Mtu anayehangaika kuthibitisha kwamba si tapeli anapata wapi nafasi ya kumpeleleza aliyemtaka athibitishe? Huyu mama alikuwa amewageuzia meza kabla hawajapanda treni.

## Waume wawili

Mume wa kwanza, Mads Sorenson, alioana naye Chicago mwaka 1884. Walifungua duka la peremende, likaungua, bima ikalipa. Watoto wawili wakafa wachanga. Mads mwenyewe akafa tarehe 30 Julai 1900, na tarehe hiyo ndiyo inayofanya watu watoe macho: bima yake moja ya maisha ilikuwa inaisha na nyingine inaanza, na inasemekana siku hiyo peke yake ndiyo zote mbili zilikuwa hai. Daktari wa kwanza kufika alishuku sumu. Daktari wa familia alikuwa akimtibu maradhi ya moyo, kwa hiyo ikaandikwa moyo.

Kwa pesa hizo akanunua shamba la La Porte mwaka 1901.

Tarehe 1 Aprili 1902 akaolewa na Peter Gunness, Mnorwei mjane aliyekuja na binti wawili. Mdogo, kichanga, akafa wiki moja tu baada ya harusi. Desemba mwaka huohuo akafa Peter. Maelezo ya Belle yalikuwa kwamba mashine ya chuma ya kusagia nyama ilidondoka kutoka kwenye rafu juu ya jiko ikampiga kichwani alipoinama kuchukua viatu. Mchunguzi wa vifo hakuridhika, akaita baraza. Inasemekana Jennie Olsen, mtoto wa kulea wa Belle, aliwahi kumnong'oneza mwenzake shuleni kwamba mama amemuua baba. Alipoitwa mbele ya baraza alikana. Kifo kikaandikwa ajali.

Hapa huwa nasita. Ukisoma yote kwa mfululizo, kila kitu kiko wazi kama mchana, unashangaa watu walikuwa na macho ya nini. Lakini waliokuwepo hawakusoma kwa mfululizo. La Porte walimwona mjane mwenye watoto, mchapakazi, anayechinja nguruwe wake mwenyewe, anayesali. Yaliyotokea Chicago hawakuyaona, na wa Chicago hawakuona ya La Porte.

## Usimwambie mtu

Andrew Helgelien alikuwa mkulima karibu na Aberdeen, South Dakota. Aliandikiana na Belle kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Barua zake kwa Belle sisi hatunazo. Za Belle kwake tunazo nyingi, kwa sababu Andrew alizitunza.

Nilitarajia barua za mahaba ya kuviziana. Mahaba yamo, na sentensi moja imekuwa maarufu kupita zote, ile anayomwambia aje akiwa amejiandaa kukaa milele. Waandishi wanaipenda sana hiyo kwa sababu, ukijua mwisho, inatisha. Binafsi sioni kama ndiyo yenye kutisha. Bibi harusi yeyote angeweza kuiandika.

Yenye kutisha ni ile ya chupi.

Anamwelekeza jinsi ya kusafiri na pesa. Abadilishe alizonazo ziwe noti, na noti zenyewe ziwe zile kubwa. Azishone kwa ndani kwenye nguo zake za ndani, ashone vizuri zisitoke, aweke na kipande chembamba cha kitambaa juu yake ili zisijionyeshe. Halafu asimwambie mtu. Hata ndugu wa karibu asimwambie.

Ukiitazama barua hiyo, inasema kwa sauti ya mke. Mwanamke anayefikiria mshono, anayefikiria kitambaa kitakaa vipi mwilini mwa mtu, anayeogopa wezi wa njiani kwa niaba yako. Mwanamume aliyeishi miaka mingi akijifulia na kujishonea mwenyewe, akisoma maelekezo hayo, ataona hatari wapi? Ataona kwamba hatimaye yupo mtu anayemjali hadi kwenye pindo la nguo.

Na lile la kutowaambia ndugu?

Hapo ndipo vicheko vya kijiweni viliponitoka kabisa, kwa sababu kwetu hilo ni jambo la kawaida mno. Mtu wa Pwani akipata mchumba hasemi. Anasubiri posa ijibiwe, mahari ieleweke, tarehe ikaribie, ndipo mashangazi waambiwe. Tunaogopa kijicho, na tunaogopa maneno ya watu zaidi ya kijicho. Binamu yangu aliyeko kazini Muscat alikuwa na mtu wake waliyejuana kwa simu, na sharti la kwanza aliloniwekea ni kwamba mama yake asijue. Nikauliza jina la huyo bwana, akacheka tu. Nikanyamaza, nikaona ndiyo heshima. Mambo yakaenda salama, wameoana, mume ni mtu wa watu. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba siri ni dalili ya ubaya. Siri ni mlango, hupita harusi na hupita jeneza, na aliye nje hawezi kujua kipi kimo ndani.

Belle alijua hilo. Hakulazimika kubuni kitu kipya. Alichukua tahadhari ambayo watu wazima wenye akili huwa nayo wenyewe, akaielekeza upande wake.

Yupo mmoja aliyepona, George Anderson wa Tarkio, Missouri. Huyu hakubeba pesa zake zote. Wakala chakula cha jioni, Belle akagusia deni la shamba, Anderson akasema atalilipa endapo wataoana. Usiku akazinduka, akamwona amesimama juu yake na mshumaa mkononi, usoni ana sura isiyoelezeka. Belle akatoka mbio bila kusema neno. Anderson naye akavaa akatoka mbio, akapanda treni ya kwanza ya kumrudisha kwao.

Sijui kama pesa alizoziacha nyumbani ndizo zilizomwokoa. Ila najiuliza angemwambia nini mtu kesho yake, na nani angemwamini. Nilikwenda kuposa, nikamkuta mwanamke kashika mshumaa?

## Majibu yake kwa waliouliza

Sasa ndiyo nifike kwa yule mzee.

Watu walikuwepo. Hilo ndilo lililonishangaza niliposoma upya kwa jicho lake. Karibu kila mwanamume tunayemjua kwa jina tunamjua kwa sababu kuna mtu aliuliza.

Ole Budsberg, mjane wa makamo wa Iola, Wisconsin, alionekana kwa mara ya mwisho katika benki moja ya La Porte tarehe 6 Aprili 1907, akiweka rehani ardhi yake na kuchukua maelfu ya dola taslimu. Wanawe hawakujua baba amekwenda wapi wala kwa nani. Walipogundua, wakamwandikia Belle. Akawajibu upesi: baba yenu mimi sijamwona.

Jibu la kistaarabu, kwa wakati, kwa barua. Wafanye nini zaidi?

Jennie, yule mtoto wa kulea, hakuonekana tena kuanzia mwaka 1906. Majirani waliambiwa amekwenda kusoma California. Hilo nalo ni jibu, tena la kutia moyo. Nani ambaye hatafurahi msichana akipelekwa shule?

Andrew Helgelien alifika La Porte Januari 1908. Wakaenda benki pamoja, yeye na Belle, kufuatilia pesa zake zilizotakiwa kutoka Aberdeen, karibu dola 2,900. Zikafika. Akazichukua. Akatoweka.

Alikuwa na kaka, Asle.

Andrew alipoondoka aliacha picha kwamba hatakawia. Siku zikapita, mifugo inahitaji mtu, hakuna habari. Asle akaingia katika vitu vya ndugu yake, akakuta barua. Ndiyo maana nimesema Andrew alizitunza: pesa alizificha na mdomo aliufunga, lakini barua zenyewe hakuzitupa.

Asle akamwandikia Belle. Belle akajibu kwamba Andrew hayupo kwake, huenda ameenda zake Norwei kuwaona jamaa. Jibu hilo lina akili. Mhamiaji aliyepotea hudhaniwa amerudi kwao, na kuthibitisha ni kazi ya miezi. Lakini Asle ni ndugu, anajua mwenzake ni mtu wa namna gani. Akaandika tena: haiwezekani, na mimi naamini bado yuko pande za huko kwako.

Belle akamjibu mara ya pili. Akitaka kuja kumtafuta na aje, atamsaidia, lakini ajue kwamba kumtafuta mtu ni gharama, na kama yeye atashughulika basi alipwe kwa shughuli yake.

Nimeisoma sehemu hiyo nikaweka kitabu chini. Ndugu ya marehemu anaitwa aje na pesa.

## Asle hakuridhika

Wakati huohuo Belle alikuwa na tatizo lingine. Ray Lamphere, kibarua wake na kwa maneno ya wengi mpenzi wake, alikuwa amefukuzwa Februari na hakutaka kuondoka. Belle alimshtaki kwa kuingia shambani bila ruhusa, akajaribu hata kumfanya atangazwe mwendawazimu. Wakampima, wakamkuta mzima. Tarehe 27 Aprili 1908 Belle akaenda kwa wakili, akaandika wosia, akaeleza kwamba anaogopa Lamphere atamchomea nyumba. Siku hiyohiyo akanunua mafuta ya taa.

Usiku huo nyumba ikaungua. Kibarua mpya, Joe Maxson, aliruka akapona. Chini ya kifusi wakakuta miili ya watoto watatu, Myrtle, Lucy na Philip, na mwili wa mwanamke usio na kichwa. Lamphere akakamatwa.

Kama Asle asingekuja, kisa kingeishia hapo: mama na wanawe wamechomwa moto na kibarua mwenye wivu. La Porte ilikuwa imeshaanza kuomboleza.

Asle alifika mwanzoni mwa Mei. Nyumba haipo, mwenye nyumba hayupo, wa kumuuliza hayupo. Alizungukazunguka shambani, akawatazama watu wakichokora kifusi, akamuuliza huyu na yule. Kisha akaaga.

Akaanza kuondoka.

Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuridhika. Akageuka njiani, akarudi kwa Maxson na swali moja la kikulima: majira haya ya kuchipua, kuna shimo lolote lilichimbwa au kufukiwa hapa shambani?

Sherifu hakuwahi kuuliza hivyo. Magazeti hayakuuliza hivyo. Mtu wa mifugo ndiye anayejua kwamba ardhi iliyoganda haichimbwi bila sababu, na kwamba aliyefukia shimo atakumbuka, maana mgongo ulimuuma. Maxson akakumbuka. Mwezi Machi mama alimwambia asawazishe mashimo fulani ya takataka karibu na zizi la nguruwe.

Wakachimba. Ilikuwa tarehe 5 Mei 1908. Kwanza harufu, kisha gunia. Asle alimtambua ndugu yake.

Hawakumaliza siku hiyo kabla ya kumpata Jennie, aliyedhaniwa yuko shule California. Baba yake mzazi, aliyekuwa hai Chicago, akaja kuutambua mwili. Siku zilizofuata yakapatikana mabaki ya watu zaidi ya kumi, wengi wamekatwakatwa na kutiwa maguniani. Wana wa Budsberg waliitwa Indiana, wakamtambua baba yao.

## Jumapili ya askirimu

Tarehe 10 Mei, siku ya Jumapili, watu kwa maelfu walikwenda kutazama. Treni za ziada ziliwekwa. Kukauzwa askirimu, bisi na postikadi zenye picha za mashimo. Watu walijipanga mstari, wengine na watoto wao, wachungulie ndani ya kibanda kilichogeuzwa chumba cha maiti.

Nilitaka kuandika aya ndefu ya kuwalaani. Nimeifuta. Mimi ndiye niliyeweka banda la nguruwe kwenye simulizi ili kijiwe kichangamke.

## Alikufa au alitoroka?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu hulipenda, na mimi, niseme kweli, limenichosha. Nitalipitia kwa sababu nisipolipitia mtaniuliza.

Majirani waliomfahamu Belle walisema ule mwili usio na kichwa ni mdogo mno. Belle alikuwa mwanamke wa umbo kubwa. Kisha mchimbaji dhahabu mmoja, Louis Schultz, akafunga mitambo yake uani na kuyaosha majivu kama aoshavyo mchanga wa dhahabu, akapata daraja la meno, yaani meno ya bandia yaliyounganishwa. Daktari wa meno Ira Norton akasema kazi hiyo ni yake, na meno hayo ni ya Belle. Novemba 1908 baraza la mahakama likamtia Lamphere hatiani kwa kuchoma nyumba, likamwachia kwenye mauaji. Alifungwa kwa kifungo cha kati ya miaka 2 na 21, akafa kwa kifua kikuu gerezani Michigan City tarehe 30 Desemba 1909.

Mwaka 1931 mwanamke aitwaye Esther Carlson alishtakiwa Los Angeles kwa kumpa sumu mzee mmoja. Akafa kabla ya kesi, na baadhi ya watu wa La Porte wakaapa kuwa ndiye Belle. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indianapolis walifukua kaburi la ule mwili usio na kichwa, karibu na Chicago. Walitaka kulinganisha vinasaba vyake na mate yaliyobaki kwenye gundi ya bahasha, mojawapo ya zile alizompelekea Andrew. Bahasha aliyoilamba mwenyewe ili kumfungia mtu siri, ikarudi karne moja baadaye kuulizwa yeye ni nani. Vinasaba vilikuwa vimechakaa, jibu halikupatikana.

Nikilazimishwa kuchagua, mimi naegemea kwamba alitoroka. Wosia, mafuta ya taa na moto ndani ya saa chache, tena huku akijua Asle hatanyamaza: hiyo kwangu ni ratiba ya msafiri. Lakini sina cha kuweka mezani zaidi ya hapo, na baraza lililosikia mashahidi wote liliamini alikufa.

## Barua zilizokuja baadaye

Habari zilipoenea, barua zikaanza kumiminika La Porte kutoka kila upande. Kaka yangu alikwenda Indiana kuoa, hatujamsikia. Baba yetu aliuza shamba. Mjomba alisema kuna mjane. Mjini kulikuwa na mabaki yasiyo na majina, na kwenye majivu zilipatikana saa za kiume zisizo na wenyewe. Baadhi ya walioandika walipata jibu. Wengi hawakupata.

Walikuwa na watu, basi. Watu wenyewe kila mmoja alidhani ni wake tu aliyekaa kimya, na mtu mzima akikaa kimya unamvumilia. Unasema ameoa, yuko kwenye raha zake. Kumfuata ni kumvunjia heshima. Ninaijua hoja hiyo, ndiyo iliyonifanya ninyamaze kwa binamu yangu, na wala si hoja mbaya.

Lakini mwishoni mwa usomaji wangu nimekutana na Gust Gunness, ambaye hutajwa kwa mstari mmoja kisha huachwa, nami nilikuwa nimempita mara zote.

Gust alikuwa ndugu wa Peter, yule aliyeangukiwa na mashine ya nyama. Peter aliacha binti mmoja hai, Swanhild, mkubwa wa yule kichanga aliyekufa. Baraza lilikuwa limeshasema ni ajali. Hapakuwa na kaburi lililofukuliwa, hapakuwa na barua ya kusoma, hapakuwa na gazeti lililoandika neno baya juu ya mjane yule. Gust alikuja La Porte, akakaa muda usio mrefu, na alipoondoka alimchukua mtoto wa ndugu yake akaenda naye Wisconsin.

Akamkosea adabu shemeji yake, bila ushahidi wowote. Swanhild akakua, na katika watoto wote waliowahi kuishi chini ya mkono wa Belle ni yeye peke yake aliyefika utu uzima.